Pimbi na Vitufe Sitini vya Kiboko

Hadithi iko mlangoni, jamani.

Iingie, lakini ivue viatu.

Ni ya kweli au ya uongo?

Ya uongo ituchekeshe, ya kweli tutaijua wenyewe.

Haya. Hapo kale, si kale sana, maana simu zilikuwapo na mtandao ulipatikana ukipanda juu ya kichuguu, palikuwa na nchi ya wanyama yenye kisima kimoja tu. Kisima kilikuwa chini ya mwamba. Juu ya mwamba aliishi Pimbi, fundi wa programu, mnyama wa makamo, masharubu yameanza mvi, kitambi kidogo cha kukaa sana. Mkia hakuwa nao, na wala hakuupoteza kazini. Alizaliwa hivyo.

Kisima hakikuwa cha mtu. Lakini kilikuwa na Mwenyekiti wa Maji, Bwana Kiboko. Uenyekiti wake aliupata hivi: siku ya uchaguzi alikikalia kiti, kiti kikavunjika, kwacha, na kwa kuwa hapakubaki kiti cha mwingine kukalia, uchaguzi ukaisha.

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mawe yakapasuka, ta, ta. Mto wa karibu ukakauka. Mto wa mbali ulikuwa mwendo wa siku tatu. Kiboko alijilaza katika dimbwi lake, dimbwi lililolishwa na mfereji wa kisima kile kile, akawaza: maji haya wakiyanywa wote, mimi nitaoga nini?

Akaamuru kisima kizungushiwe ukuta. Ukuta uwekewe lango la chuma. Lango lifunguliwe kwa programu, na mwenye kulifungua awe yeye peke yake. Anayetaka maji atamletea mzigo wa majani mabichi kila alfajiri. Kiboko akipenda, atafungua. Asipopenda, hatafungua.

Majani mabichi, kiangazi kile, yangetoka wapi?

Pimbi alikaa juu ya mwamba akatafakari. Yeye angeweza kuhamia mto wa mbali. Mama yake asingeweza. Mama alikuwa na magoti yaliyokataa hata kwenda kwa jirani. Lango likiwa la Kiboko, mama atakufa kwa kiu akiwa juu ya maji, akiyasikia chini yake yanavyochuruzika, chururu, chururu.

Asubuhi yake akaitwa dimbwini.

"Fundi, utaniandikia programu ya lango," Kiboko akasema.

"Nikikataa, mzee?"

"Nitampa Ngiri."

Pimbi alimjua Ngiri. Ngiri alitatua kila tatizo kwa kulipiga kichwa. Lango la Ngiri lingejifunga siku ya kwanza na lisingefunguka tena kwa yeyote.

"Nitaandika, mzee," Pimbi akasema.

Sasa, Kiboko alikuwa amehudhuria semina. Semina ilikuwa na chai na maandazi, na kilichomkaa kichwani baada ya maandazi kilikuwa kitu kimoja: gawa kazi kwa mafundi wanaoamka saa tofauti, nayo kazi haitalala. Kwa hiyo Pimbi hakuachwa peke yake. Mchwa wa Mashariki ya mbali akapewa sehemu ya makomeo. Mnana wa Magharibi ya mbali, yule ndege fundi wa kufuma, akapewa sura ya lango, yaani vitufe vya kubonyeza kwenye kioo. Pimbi akapewa kuziunganisha kazi zao. Jua lilipomwamkia Pimbi, kwa Mchwa lilikuwa linatua, na kwa Mnana lilikuwa halijafikiria kuamka.

Katika semina hiyo hiyo Kiboko alisikia kwamba mafundi hukutana kila asubuhi wakiwa wamesimama, ili kikao kiwe kifupi. Basi mafundi walisimama, kila mmoja na simu yake. Kiboko alijilaza dimbwini, na kikao kikawa kirefu.

"Mchwa," Kiboko aliuliza, "jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha?"

"Jana nilichimba, leo nitachimba, hakuna kinachonikwamisha."

"Mnana, jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha?"

"Khoo," Mnana alikoroma. "Khoo. Samahani, mzee. Jana nilifuma, leo nitafuma, kinachonikwamisha ni usingizi."

"Pimbi?"

"Jana niliunganisha, leo nitaunganisha," Pimbi alisema, na cha kumkwamisha akakimeza, maana kilikuwa kimelala mbele yake na uzito wa magunia thelathini.

Juma la kwanza likaisha, na lango likawa na kitufe kimoja. Kilijaza kioo kizima, na kilikuwa kimeandikwa FUNGUA. Kioo chenyewe kilikuwa na upana wa kiganja. Kiboko alikichagua yeye, kwa sababu kioo kikubwa kingewatamanisha watu, na waashi walikwisha kukizika ukutani kwa saruji.

"Mzee," Pimbi akasema, "kabla hatujafika mbali, tuwaite watumiaji wajaribu. Kobe ajaribu. Twiga ajaribu. Nawe ujaribu."

"Watumiaji wanajua nini? Kazi ya watumiaji ni kuona kiu. Na mimi nijaribu? Mwenye nyumba hapigi hodi." Kiboko akapuliza maji puani, pfuu. "Halafu, kitufe kimoja? Mamba wa bonde la pili ana lango lenye vitatu. Weka cha kufungua nusu."

"Mzee, kioo hakikui. Kitufe kikiingia, vingine vitabanana."

"Vibanane."

Kikaingia. Vingine vikabanana.

Kesho yake Kiboko akasema, "Weka cha kufunga kwa kishindo, nikiwa nimekasirika."

"Mzee, kioo hakikui."

"Vibanane."

Kikaingia. Vingine vikabanana.

Kesho kutwa Kiboko akasema, "Weka cha kupiga tarumbeta ninapokaribia."

"Mzee, kioo hakikui. Kitu kikiwa na mambo mengi kinamchosha anayekitumia. Anayekuja kisimani anataka maji, hataki tarumbeta."

"Fundi, wewe umeajiriwa kuandika au kunihurumia?"

Kikaingia. Vingine vikabanana.

Pimbi akarudi nyumbani, masharubu yamelegea. Mama yake alikuwa mlangoni akitoa mchanga kwenye uwele, punje moja moja, kwa ukucha.

"Mwanangu, nani amekufa?"

"Kazi yangu, mama." Akamtolea kioo kidogo cha majaribio alichokuwa akikibeba mkobani. "Tazama. Vitufe vinne mahali pa kimoja. Na bado anataka vingine."

Mama akakishika kioo. "Hiki ni cha nini?" Akabonyeza, tik. "Na hiki?" Tik. "Na hiki?" Tik, na tarumbeta ikalia. Mama akacheka. "Mbona vinabonyezeka? Hata angeweka mia, mimi ningevipata. Hizi punje ni ndogo kuliko hivyo."

"Wewe una vidole vidogo, mama."

Pimbi akautazama ukucha wa mama, mwembamba kama mwiba wa mkwaju. Kisha akaukumbuka mguu wa Kiboko, wenye vidole vinne, kila kimoja kinene kama mchi wa kutwangia. Akala ugali wake wa uwele, akaomba na mwingine.

Tangu siku ile Pimbi hakubishana tena. Kikao kikafika, Mchwa akasema alichimba, Mnana akasema khoo, na Pimbi akasema:

"Jana niliunganisha, leo nitaunganisha, hakuna kinachonikwamisha. Ila naona aibu, mzee. Mkubwa kama wewe, vitufe vinne."

Kiboko akainua kichwa majini. "Unafikiri ni vichache?"

"Mimi ni fundi tu. Lakini Mamba akisikia..."

"Weka cha kusoma sifa zangu kwa sauti."

Kikaingia. Vingine vikabanana.

"Cha kumwona anayechungulia ukutani."

Kikaingia. Vingine vikabanana.

"Cha kuuliza hali ya hewa. Cha kuhesabu walionisalimia. Cha kuzima cha kuhesabu walionisalimia."

Vikaingia. Kiangazi kikazidi kukaza, na kila asubuhi Pimbi aliuliza kwa upole, "Mzee, hatujasahau kitu?" na kila asubuhi Kiboko akakumbuka kitu. Vilipofika sitini, kitufe cha FUNGUA kilikuwa kimebaki na ukubwa wa punje ya ufuta.

Mnana ndiye wa kwanza kumpigia Pimbi simu pembeni, mchana wake, akiwa macho kabisa.

"Ndugu yangu, hii kazi inanitia aibu. Mwenye kidole kinene hataweza kuitumia. Nimemwambia na Mchwa, naye anasema hivyo hivyo."

"Mwandikieni mzee," Pimbi akasema. "Msimfiche kitu. Vipimo vyote, neno kwa neno."

"Atasoma?"

"Nyinyi andikeni. Kazi ya fundi ni kusema ukweli."

Wakaandika kurasa saba, na michoro. Zikafika saa Kiboko alipokuwa akiota jua, amefumba jicho moja. Akajibu kwa jicho lililobaki: "Nimepokea. Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Siku tatu kabla ya uzinduzi, Kiboko akataka kuonyeshwa. Pimbi akamchorea lango zima mchangani, kando ya dimbwi, vitufe vyote sitini, kila kimoja kikubwa kama sinia la pilau. Kiboko akatoka majini, akakanyaga kimoja, pwaa. Akakanyaga kingine, pwaa. Akazunguka akirukaruka kama mtoto, pwaa, pwaa, pwaa, na ardhi ikatikisika.

"Vinabonyezeka vizuri," akasema.

"Huu ni mchoro tu, mzee. Kwenye kioo si hivi."

"Najua mchoro ni nini. Nimehudhuria semina. Sasa sikia ya mwisho. Lango litamtambua bwana mmoja. Atakayelifungua wa kwanza ndiye, na pasiwe na njia ya kubadilisha."

"Hata wewe usiweze, mzee?"

"Hata mimi. Nikinywa pombe ya ndizi huwa nawaonea watu huruma."

"Na mtu akikosea kubonyeza?"

"Mara tatu, basi. Lango limfukuze mpaka masika."

"Mtu yeyote?"

"Umesikia nimetaja jina?"

Pimbi akayaandika yote mawili, akampa asome. Kiboko hakusoma. Akatia dole gumba lake, na dole gumba likafunika ukurasa.

Siku ya uzinduzi ikafika. Lango lilikuwa limefungwa tangu jana yake, na wanyama wote walikuja ndimi nje. Swala aliburura kitita cha miiba. Kobe alikuja na jani moja, kavu, amelishika kwa heshima. Simu ya Pimbi iliwekwa juu ya jiwe ili Mchwa na Mnana wasikie. Juu mwambani mama yake aliketi kivulini, midomo imekauka, akitazama.

Pimbi alisimama kando ya lango. Vitufe vilikuwa vidogo, hilo alilijua. Lakini mkubwa ana bahati zake. Kidole kimoja kikiteleza vizuri, mara moja tu, basi mama hana maji.

Kiboko akakisogelea kioo. Tarumbeta ikalia. Akakitazama kwa karibu, halafu kwa mbali, halafu kwa karibu.

"Fundi, vitufe viko wapi?"

"Ndivyo hivyo vinukta, mzee. Cha kufungua ni cha katikati, mstari wa tano."

Kiboko akanyoosha kidole, akabonyeza. Kidole kikafunika kioo chote.

Lango likasema, kwa sauti ya Mnana aliyoirekodi akiwa na usingizi: "Hali ya hewa ni jua. Bwana Kiboko ana umbo la kupendeza. Umekosea mara moja."

Wanyama wakatazama chini. Nyati akakohoa.

Kiboko akachukua kijiti. Akakishika, kikakatika. Akachukua kingine, kikakatika. Cha tatu akakibana kwa meno, akafumba jicho moja, akasogea polepole, polepole, na ncha ikafika mstari wa tano kweli. Pimbi akaacha kupumua. Hapo Kiboko akapumua yeye, pfuu, kijiti kikateleza upana wa unywele mmoja, na lango, lililokuwa limefungwa tayari, likajibamiza zaidi, gba! likamgonga kidole.

"Lango limefungwa kwa kishindo. Bwana Kiboko amekasirika. Umekosea mara mbili."

"Sijakasirika," Kiboko akaliambia lango.

Mara ya tatu akajaribu ulimi. Sitapoteza maneno. Ulimi wa kiboko ni mkeka. Vitufe vyote sitini viliitika pamoja, tarumbeta, sifa, hali ya hewa, hesabu ya salamu, kelele mpaka ndege wakahama miti, kisha kimya.

"Umekosea mara tatu. Rudi masika."

Kiboko akageuka. "Fundi, lirekebishe."

"Uliagiza pasiwe na njia, mzee. Dole lako lipo."

"Mbona hamkuniambia vitakuwa vidogo?"

Simu ikaongea juu ya jiwe, kwa sauti nyembamba ya Mchwa. "Tulikuandikia, mzee. Kurasa saba. Ukatushukuru kwa ushirikiano."

Hapo hata Kobe akacheka, na Kobe huchukua muda. Lakini Nyati hakucheka. Nyati alikuwa na kiu, na mnyama mwenye pembe akiwa na kiu hakuna anayependa asimame nyuma yake. Kiboko akamtazama Nyati. Akalitazama dimbwi lake, lililokuwa limeshuka shubiri nzima tangu jana, maana maji yake nayo yalikuwa ndani ya ukuta.

"Pimbi," akasema kwa sauti ya chini, "bonyeza wewe. Kwa niaba yangu."

"Mimi mkono unatetemeka mbele ya wakubwa, mzee. Nikikosea mara tatu, nani atabaki? Labda mama yangu."

"Mama yako ni nani katika kazi hii?"

"Si mtu, mzee. Mtumiaji tu."

"Basi abonyeze, haraka."

Twiga akainua shingo mpaka mwambani, na Mama Pimbi akateremka nayo taratibu, akilalamikia magoti kila pingili. Akafika kwenye kioo. Akahesabu mistari, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akanyoosha ukucha ule ule wa kuchambulia uwele.

Tik.

Komeo la Mchwa likasogea, krrr. Lango likafunguka wazi, na ubaridi wa maji ukawapiga wote usoni.

"Karibu," likasema lango. "Wewe ndiye bwana wangu. Simjui mwingine."

Kiboko akafungua kinywa kusema neno. Kinywa cha kiboko kikifunguka huonekana mpaka nyuma kabisa, na nyuma kabisa hapakuwa na neno.

"Na hivi vingine ni vya nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Vya mzee, mama."

"Avichukue basi, vinanichanganya." Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kila mwenye kiu atakuja kuniamsha mimi nije nibonyeze?"

"Ndiyo, mama. Limekutambua wewe tu."

"Kila alfajiri? Na magoti haya?" Akageuka. "Nyati, baba, nisukumie lile jiwe hapa."

Nyati akalisukuma, gurugurugu, akalikwamisha katikati ya lango. Lango likajaribu kujifunga, likaligonga jiwe, ti, likajaribu tena, ti, likatulia. Wanyama wakaingia kwa foleni. Kiboko naye akapanga foleni, kati ya Kobe na Swala, na hakuna aliyemdai jani.

Pimbi hakunywa kwanza. Alisimama akilitazama lile jiwe. Miezi mitano, nchi tatu, vitufe sitini, na kilichokuwa kikifanya kazi ni jiwe. Halikuhitaji mtandao. Halikumuuliza mtu jina. Kobe alipita kando yake bila kusoma maelezo yoyote.

"Mama," akasema, "hata siku moja moja hutabonyeza? Kile cha katikati tulikitengeneza vizuri."

Mama akamfuta vumbi kwenye masharubu. "Nitabonyeza Ijumaa, baba. Usinune. Nenda kanywe maji."

Kiboko je? Kiboko aliandika taarifa kwamba mradi umekamilika kwa wakati, lango liko wazi, na watumiaji wote wameridhika, na hakuna hata neno moja la uongo ndani yake. Akaalikwa kwenye semina, safari hii kama msemaji. Maandazi yalikuwapo.

Fundisho la ngano hii, wakubwa kwa wadogo, ni hili: mtii mkubwa wako wa kazi kwa kila neno. Usibishane naye, usimpunguzie hata kitufe kimoja, na akisahau kitu, mkumbushe. Mimi nilibishana na wakubwa katika miji minne, na ndiyo maana leo nasimulia ngano.

Hapo ndipo kamba ilipoishia. Hadithi ikiwa imekolea, mgawane mwende nayo makwenu. Ikiwa ni chapwa, niachieni mwenyewe, chumvi ninayo.